Rejesho la kwanza halingoji tungule ziive

Vijana wanaokuja kuniomba niwasaidie kujaza fomu za mkopo wa kilimo huanza na swali moja: "Wanatoa ngapi?" Kwangu hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni utaanza kulipa lini, na siku hiyo konde lako litakuwa na nini cha kuuza.

Tuelewane kwanza kuhusu njia zenyewe. Ukimsikia jamaa yako wa Tanga anazungumzia ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, ujue huo ni utaratibu wa Bara. Huku Unguja na Pemba mlango mkuu ni Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ambao wengi tunauita ZEEA. Ulianzishwa kwa sheria mwaka 2022, na mikopo yake isiyo na riba imekuwa ikipitia benki. Ukienda benki mwenyewe, uliza pia murabaha: benki inanunua kifaa, kisha inakuuzia kwa faida mliyokubaliana. Unafaa kwa pampu na tangi, haukusaidii kulipa vibarua. Kuhusu karatasi, tayarisha kitambulisho cha Mzanzibari na barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo lako, na mkiwa kikundi, katiba na muhtasari wa kikao. Hata kama hakuna riba, uliza gharama nyengine zote kabla hujasaini.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Tuseme umepata milioni 3 za kulipa kwa miezi 12. Hizo ni 250,000 kila mwezi. Ukilima mchicha, na genge linakuchukulia fungu kwa shilingi 300, inabidi uuze mafungu 28 kila siku, Ijumaa na sikukuu zimo, ili upate rejesho tu. Bado hujanunua samadi, hujalipia maji, wala hujapeleka kitu nyumbani. Ukiona mafungu 28 ni machache, simama gengeni kwako asubuhi moja uhesabu yanayouzwa kweli.

Mchicha una nafuu moja, unavuna ndani ya mwezi. Tungule, yaani nyanya, zinataka kama miezi miwili na nusu hadi mitatu tangu kuhamisha miche. Kuku wa mayai ndio mtihani zaidi: kifaranga hukaa karibu miezi mitano anakula tu ndipo aanze kutaga. Kwa hiyo ukiwa mbele ya afisa mikopo usione haya. Mwambie, "Mimi nalima tungule, naomba muda wa kusubiri hadi mavuno ya mwanzo," na umuoneshe kalenda yako kwenye karatasi. Akikataa, punguza kiwango unachoomba, au changanya vipando: matuta ya mchicha yalipe miezi ya mwanzo wakati tungule zinakua.

Kalenda hiyo ifuate soko, isifuate hamu yako. Ramadhani watu wanatafuta tungule, matango na matikiti, na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, basi usipande kwa kukumbuka tarehe za mwaka jana. Hoteli ni mteja mzuri lakini zina mambo mawili. Aprili na Mei, masika yakikolea, nyingi huwa na wageni wachache. Pili, mara nyingi unapeleka mzigo leo na kulipwa baada ya wiki kadhaa, na benki haitakungoja. Mnadani nako, pesa unaipata siku ileile, ila bei anaipiga dalali. Siku zikishuka tungule nyingi za Bara, tenga lako litakwenda kwa bei itakayokuuma. Mimi humshauri anayeanza kilimo agawe mzigo: genge la mtaani kila siku, mnada kwa ziada, hoteli moja tu mpaka aone wanalipa vipi.

Maji. Mtu anachukua mkopo ananunua mbegu chotara za bei, halafu anategemea bomba la mtaa linalotoka kwa zamu. Fedha ya kwanza iende kwenye tangi. Kama una kisima na uko karibu na pwani, Chukwani au Mazizini huko, yaonje maji yake Februari, jua likiwa kali. Kisima kitamu wakati wa masika kinaweza kuwa na chumvi kiangazi, na miche itakuonesha majani yaliyoungua pembezoni.

Jengine ni kiwanja. Wengi wetu mjini tunalima kwenye ploti ya shemeji au ami ambaye bado hajajenga. Siku akipata tofali, bustani imekwisha na deni lipo palepale. Andikianeni, sheha ashuhudie, na muda uliomo kwenye karatasi upite muda wa mkopo. Undugu hauharibiki kwa karatasi hiyo. Naona unaharibika zaidi pale isipokuwepo.

Kuhusu kikundi nitasema kidogo tu. Mkikopa pamoja, mmoja akihama mtaa bila kuaga, waliobaki ndio watakaolipa sehemu yake ya deni. Chagua watu unaojua wanapolala, si wale waliojitokeza siku ya semina.

Na ikitokea mvua imeozesha kila kitu, au ugonjwa wa mnyauko umepita, nenda kwa afisa mikopo kabla ya tarehe ya rejesho. Chukua daftari la mauzo na picha za konde kwenye simu. Mtu aliyekuja mwenyewe na daftari lake ni rahisi kupangiwa upya kuliko yule aliyezima simu, ambaye jina lake limeshapelekwa kwa wadhamini.