Mwanangu, usiitupe barua ya yule kijana

Chumbageni, Tanga
Ijumaa, baada ya adhuhuri

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, ila mguu wa babako ni ule ule, na mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata kanga tangu Jumatatu. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, jana nikaurudia kwa miwani. Unasema bosi wako amekukabidhi barua 43 za watu wanaoomba kazi ya kutunza ghala, akakwambia uanze kwa kutupa kila yenye kosa la kuandika, maana asiyejua kuandika lugha yake hata kazi hataijua. Ukatupa, ukatupa, ukafika kwa kijana mmoja mkono ukawa mzito. Ndipo ukaniuliza: "Mama, hivi inamaana mtu akikosea herufi hana akili? Nimtupe?"

Umemuuliza mtu aliyekula mshahara wa herufi miaka 24. Na usidharau, Tanga ukarani una heshima yake: Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa kwetu, alikuwa karani wa forodha. Kwa hiyo nivumilie, jibu halitakuwa fupi.

Picha ya barua yake nimeikuza mpaka herufi zikawa kama za kibao cha duka. Anasema: "Ninauzoefu wa miaka 4 kwenye gala la bizaa za vyakula, niliajiliwa na tajiri mmoja wa Korogwe. Kila juma mosi nilikuwa nina hesabu mzigo wote nakuandika upungufu kabla ya kufunga mlango." Makosa saba ndani ya sentensi mbili. Ningekuwa bado naye mwalimu wangu wa darasa la tano, angemchapa saba, moja moja. Lakini soma tena maneno ya mwisho. Kati ya hizo barua 43, wangapi wamekwambia wanaandika upungufu kabla ya kufunga mlango?

Sasa usiyahesabu tu hayo makosa, yatazame ni ya namna gani.

"Gala", "bizaa", "niliajiliwa": hapo kijana kaandika alichosikia. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, na ndiyo raha yake. Marekani wana mashindano ya taifa ya watoto kutaja herufi za maneno, yalianza 1925 na mpaka leo watu wanayafuatilia, kwa sababu Kiingereza kinatamkwa hivi na kuandikwa vile. Sisi tukiyafanya hayo pale uwanja wa Mkwakwani, watoto wote watapata, tubaki tunatazamana na kikombe chetu. Ila wepesi huo una mtego ndani. Mwandishi anaongozwa na sikio, na sikio limelelewa nyumbani kwao. Mtu ambaye lugha ya mamake haina r ataandika "mahali" akikusudia "mahari", na wazee wa pande zote mbili watafika ukumbini hawajabeba kitu. Ambaye kwao hakuna dh wala gh, atazitoa wapi? Bosi wako akitupa "bizaa" anadhani katupa uzembe. Katupa mikoa.

Wala sisi wa pwani tusijitie. Mtu wa hapa anajua dh ni ya kwao, akaipenda kupita kiasi, matokeo yake utamkuta kaandika "dhawadi" na "dhiara". Na hii "n'shakwambia" tunayoisema hapa uani kila siku, kwenye barua ya kazi huwezi kuipeleka. Kiswahili sanifu kilichaguliwa kikaoni: Mombasa, 1928, walikubaliana kifuate Kiunguja, lahaja ya mjini Unguja, na 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kimtang'ata, lahaja ya kwetu, kiliachwa, na Kimvita cha Mombasa, wenyeji wa kikao chenyewe, kikaachwa vilevile. Mimi naona walifanya vyema, watu lazima wawe na mahali pamoja pa kukutania. Nakumbusha tu kwamba mstari tunaowapimia watu ulichorwa na watu, tena si zamani sana.

"Ninauzoefu" na "nina hesabu" ni jambo jingine. Hilo si la sikio. Ukisema, hutamki nafasi kati ya neno na neno, kwa hiyo huwezi kuisikia. Lazima ufundishwe, uandike, usahihishwe kwa wino mwekundu, uandike tena. Sisi tulikuwa na imla asubuhi na insha Ijumaa. Leo mtoto anamaliza darasa la saba kwa mtihani ambao sehemu kubwa ni kuchagua jibu na kusiliba kiduara kwa penseli. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, kinabaki hasa kipindi cha Kiswahili, darasani wamejaa hadi dirishani. Nani atamkalisha chini aandike barua? Halafu akipata kazi anakuta kompyuta imewekwa Kiingereza, inatia mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, lililo sawa na lililo kosa, hadi macho yanazoea kuupuuza. Na wewe, "ina maana" ni maneno mawili. Niliona, nikanyamaza.

Ingawa "nina hesabu" ya huyu kijana imenichekesha. Kaandika kwamba alikuwa na hesabu. Si ndiye mnayemtafuta?

Nikupe habari ya bibi yangu wa Pangani, hukumkuta. Barua zake zilikuja na basi, zimekunjwa ndogo kama hirizi, na zote alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Walipokuja watu wa kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, walimwandika hajui kusoma. Mwanamke aliyekuwa akisomea mtaa mzima barua zao! Basi kwa mwandiko ule wa kizamani herufi moja ilibeba b, p na mb. "Baba", "papa" na "pamba" vyote huandikwa sawasawa. Bibi akiandika kwamba fulani amefika jana jioni, mama husoma mpaka mwisho ndipo ajue kama kafika baba au kafika papa wa kukaushwa. Na hakukosea hata siku moja, kwa sababu alimjua mamake, alijua nani yuko safari na msimu gani wa papa. Karne nyingi watu wa pwani hii waliandikiana hivyo, wakaelewana, wakauza na kununua.

Lakini bibi alimwandikia mwanawe. Kijana wako kamwandikia mtu asiyemjua, na karatasi haina uso wala sauti ya kumtetea. Mgeni hana kitu cha kujazia pale palipopinda. Ndiyo maana wewe ukinitumia "mama ntakupgia bdae" nakuelewa na moyo unatulia, na ujumbe huo huo ukimpelekea mteja, mteja anaondoka. Hapo ndipo bosi wako nampa nusu yake ya haki: barua ya kazi huandikiwa mgeni, na mtu anayeandikia mgeni hutafuta jicho la pili kabla ya kuifunga. Huyu hakutafuta, au hakuwa na wa kumwomba.

Nusu ya pili simpi, na sababu yangu ni aibu yangu mwenyewe. Hii hata babako nilimficha miaka.

Masika ya 1986, nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja ya mkonge. Mezani nilikuwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ile ya 1981, na nilijiona mimi ndiye kamusi. Asubuhi moja mawingu yamejaa, mkubwa akanitamkia agizo la kwenda ghalani: marobota yasipakiwe mpaka meneja afike. Nikapiga, nikatoa kaboni, nikagonga muhuri, mtoto wa ofisi akapeleka. Karatasi ilikuwa safi, herufi zimepangana kama askari. Ghalani alikuwa mzee mmoja wa Kigoma, aliyekuja Tanga kukata mkonge akapanda pole pole mpaka akapewa funguo. Huyo mzee l hakuijua kabisa. Leja yake imejaa "marori" na "kura chakura", na sisi makarani tulikuwa tukiizungusha mezani tukicheka.

Baada ya saa moja akarudi mtoto wa ofisi na kipande cha karatasi ya pakiti ya sigara. Mzee kaandika: "Marobota yapakiwe kweri? Mvua hiyo."

Nikachukua nakala yangu ya kaboni. Niliandika "yapakiwe". Silabi moja, "si", imeponyoka, na agizo limegeuka kichwa chini. Nilikimbia na kanga mabegani, mvua imeshaanza kudondoka, nikakuta marobota 11 juu ya lori lisilo na turubai. Mkonge ukilowa rangi yake inaharibika na daraja linashuka, kila mtu Tanga anajua. Nilikatwa mshahara wa siku tatu, nikaona nimesamehewa. Lile lori lingebeba mengi kuliko hayo kama mzee angeitii karatasi yangu nzuri akanyamaza.

Sasa niambie, nani pale alikuwa hajui kuandika? Neno "yapakiwe" halina kosa lolote la herufi. Kamusi ingelipitisha, mstari mwekundu usingelishika, na bosi wako angeiweka barua yangu juu kabisa ya rundo lake. Ile "kweri" angeitupa.

Tena hebu chungulia hizo barua zisizo na dosari. Ninavyojua mimi, pale stendi kuna steshenari, unampa kijana wa kompyuta elfu yako, anabadilisha jina na tarehe, barua imekwisha. Utakuta kumi zinaanza kwa maneno yale yale, "husika na kichwa cha habari hapo juu", na kumalizia kwa ahadi ile ile ya kufanya kazi kwa bidii chini ya usimamizi mdogo. Hapo umempima mwenye steshenari. Huyu wa "bizaa" kaandika kwa mkono wake, kalamu imekwaruza, umeona hata mahali aliposita akafuta.

Ingekuwa kazi ya ukarani, ya kuwaandikia wateja kwa jina la kampuni, ningekwambia umweke pembeni bila kupepesa jicho, umshauri akajifunze kwanza. Mpiga picha huwezi kumsamehe mkono unaotetemeka. Lakini mnatafuta mtunza ghala. Akiandika "bizaa" kwenye leja, hakuna gunia litakalopotea. Akiandika 71 badala ya 17, mmekwisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwite. Usimpe imla, utamtia woga bure. Mpe hati ya kupokelea mzigo yenye vitu kama 20, mpeleke kwenye rafu, na kabla hajafika punguza boksi mbili mahali fulani. Tazama kama ataziona, kisha mwambie aandike mistari mitatu ya kumweleza bosi kilichotokea. Uisome hiyo mistari kwa swali moja tu: mtu ambaye hakuwepo angeelewa nini kimepungua, wapi, na kiasi gani? Akifaulu, mpeleke mbele ya bosi wako yeye na karatasi yake. Na mkimchukua, mwandikie yale maneno saba kwenye kadi, yaliyo sahihi, bila hotuba, aibandike juu ya meza yake. "Ghala" atakuwa analiandika kila siku ya Mungu, wiki mbili litakaa.

Bosi akigoma, mwambie kwa adabu kwamba mtu akikosea na akauliza ni nafuu kuliko aliyepatia akanyamaza. Usimwambie umeambiwa na mamako.

Na wale uliokwisha kuwatupa kabla ya huyu, kapu bado halijamwagwa? Kama halijamwagwa, watoe, uwasome upya mmoja mmoja.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu inanigeuzia maneno, nikiandika "kama" inaniletea vitu vyake. Mdogo wako ataipiga picha akutumie. Ameshaisoma juu ya bega langu, anashikilia "kusiliba" si neno, nimelitunga. Ningemwonyesha, lakini kamusi kaiazima jirani wa pili tangu Ramadhani na hajairudisha. Nimemtuma akaidai.

Mamako