Kuhesabu ndege wa kisiwani: madume 48 tuliowasikia ni wangapi kweli?

SWALI: Tunachunguza ndege asiyepatikana popote ila kisiwa kimoja. Tuliweka vituo 60 msituni, dakika 10 kila kituo, tukasikia madume 48 wakiimba ndani ya mita 50. Msitu una hekta 1,500. Kwa kuzidisha tunapata madume 1,528. Tuiandike idadi hiyo kwenye ripoti?

JIBU: Msiiandike bado. Kuzidisha kwenu ni sahihi, lakini kunachukulia kwamba kila dume aliyekuwemo aliimba na mkamsikia. Wengine hunyamaza, na sauti nyingine hupotelea kwenye majani. Tuseme mlisikia 6 katika kila 10: madume wanafika karibu 2,550.

Kiwango chenu halisi cha kusikia kitatokana na umbali. Pimeni kwa leza umbali wa kila ndege, pale alipokuwa kabla hajawakimbia. Kadiri mnavyotoka katikati ya kituo, eneo hupanuka, hivyo ndege wanapaswa kuongezeka. Wasipoongezeka inavyotarajiwa, pengo hilo ndilo linaloonyesha mliowakosa. Programu ya Distance hukokotoa hayo, nayo ni ya bure. Ila 48 ni wachache. Kwa hesabu ya vituo, lengeni ndege 75 hadi 100.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mahali vituo vilipowekwa. Kama mlifuata njia za miguu, mmehesabu ndege wa kandokando ya njia, na hakuna takwimu itakayoponya hilo. Vitawanyeni kwa bahati nasibu, mpaka kwenye miteremko isiyofikika kirahisi.

Msizidishe kwa mbili ili kupata majike bila ushahidi. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, hupanga spishi kwa hatari ya kutoweka, nayo huhesabu ndege waliokomaa, wenye uwezo wa kuzaa: chini ya 1,000 spishi inaweza kuingizwa kundi la walio hatarini, chini ya 250 kundi zito zaidi. Kwa hiyo toeni kiwango cha chini na cha juu, si namba moja, na mnapokokotoa viwango hivyo kwa sampuli za marudio (yaani kuchota upya data zenu kwa bahati nasibu mara nyingi), choteni vituo vizima, si ndege mmoja mmoja.

Ikiwa ndege wenyewe ni wachache sana, wavisheni pete za rangi. Mkivisha 40, kisha mkaona 50 na 20 kati yao wana pete, makadirio ni 100, mradi pete hazijadondoka, hakuna waliokufa wala kuzaliwa katikati, na waliovishwa wamechanganyika na wenzao.