Mshumaa wa sikio: nilifanyiwa saluni, nikaja kuurudia nyumbani kwa glasi

Mleta uzi, umeuliza kama ule mshumaa wa sikio wa saluni unatoa nta kweli, maana shemeji yako kaonyeshwa "uchafu" uliomtoka na sasa anakusihi na wewe uende. Mimi nilifanyiwa Leicester, Uingereza, mwaka 2015, kwa hiyo najibu kama mtu aliyelala pale.

Sikio la kulia lilikuwa limeziba wiki mbili. Dada wa saluni akanilaza ubavu, akapitisha mshumaa kwenye sahani ya karatasi aliyoitoboa katikati, ncha nyembamba akaiweka tunduni, akawasha juu. Si mshumaa ule wa umeme ukikatika. Hiki ni kitambaa kilichochovywa kwenye nta kikaviringwa kama bomba, ndani kitupu. Wanasema moto unavuta hewa kama dohani, na hewa inavuta taka. Unasikia vuguvugu na vimlio vya kutatarika. Raha ilikuwepo, siwezi kukataa, nilikaribia kusinzia. Mtu akikushika kichwa kwa upole robo saa nzima, utapona hata usichoumwa.

Akazima, akapasua kipande kilichobaki kwa mkasi. Ndani unga wa kahawia na mabonge ya njano. "Ona ulichokuwa umebeba!" Nikaona aibu, nikanunua na pea nyingine nikamfanyie mke wangu.

Huyo ndiye aliyeniumbua. Akasema kabla hujaniwashia moto kichwani, uwashe kwanza kwenye glasi. Tukausimamisha kwenye glasi tupu, ukaungua mpaka kimo kile kile, tukapasua. Unga ule ule, njano ile ile, na glasi haina masikio.

Kumbe wataalamu walishalipima zamani. Mwaka 1996 jarida la Laryngoscope lilichapisha utafiti wa madaktari wa Marekani: mshumaa haukuvuta chochote, nta ya sikio haikutoka, na baadhi ya masikio yaliachiwa nta ya mshumaa. Waliwauliza pia madaktari 122 wa masikio, wakapata majeraha 21 yaliyotokana na mishumaa hiyo, mengi ya kuungua. Ukifikiri utaona kwa nini. Nta ya sikio inanata, na nguvu ya kuing'oa kwa kuvuta hewa ingekutoboa ngoma ya sikio kwanza. Na wanaodai unasafisha mafua na "sumu za kichwa", moshi utapitaje wakati ngoma imeziba njia?

Halafu lile jina la "mishumaa ya Wahopi", kwamba ni dawa ya asili ya Wahindi Wekundu wa Arizona. Wahopi wenyewe wamesema si mila yao na haijawahi kuwa. Hapo ndipo nilipokasirika zaidi, kuliko hata hela.

Sikio langu? Liliziba zaidi. Nesi wa kliniki alichungulia akacheka: nta yangu ipo palepale, juu yake tone la nta ya mshumaa limeganda. Akaniambia nitie matone ya mafuta ya zeituni kwa siku kadhaa ilainike, kisha akaitoa kwa kimrija cha kunyonya kinachogusa nta yenyewe, si kuvuta hewa ya sikio zima. Dakika chache tu. Nilipotoka nje nilisikia mpaka chenji mfukoni.

Kwa hiyo anza na mafuta, kama sikio halitoi usaha, haliumi na ngoma haijawahi kutoboka. Likiwa na lolote kati ya hayo, usitie kitu, nenda ukapimwe. Pamba za vijiti achana nazo, zinashindilia ndani kitu ambacho sikio lenyewe hukisukuma nje polepole, na kutafuna kunasaidia.

Shemeji usibishane naye. Mwambie anunue mshumaa mmoja aje nao nyumbani, glasi mnayo.