Ukurugenzi wa muda wa programu za fizikia NSF: mshahara na mgongano wa maslahi

Umeuliza kama profesa akienda NSF (National Science Foundation, shirika la serikali ya Marekani linalotoa ruzuku za utafiti) kusimamia ruzuku za fizikia kwa muda, anapoteza ajira chuoni. Hapotezi akienda kwa njia ya IPA (Intergovernmental Personnel Act), ile sheria ya Marekani ya mwaka 1970. Anaazimwa tu: anabaki mwajiriwa wa chuo, chuo kinaendelea kumlipa, na NSF inakirudishia sehemu kubwa ya gharama. Mkataba huwa hadi miaka 2, unaweza kuongezwa, ila usizidi 4 mfululizo. Awe ameshakaa chuoni angalau siku 90 kwenye nafasi ya kudumu, kwa hiyo aliyeajiriwa juzi asihangaike.

Panapokwamisha wengi ni mgongano wa maslahi. Maombi yoyote kutoka chuo chake hayagusi. Hata jopo likiyajadili, anatoka chumbani. Ruzuku yake mwenyewe inayoendelea lazima apatikane mtu mwingine wa kuizungumzia mbele ya NSF, na zuio hilo linamfuata mwaka 1 baada ya kuondoka. Basi orodhesheni mapema ruzuku, waandishi wenza na wanafunzi aliowasimamia. Kwenye nyanja finyu, mfano mawimbi ya mvutano, mnaweza kukuta karibu kila ombi linamhusu kwa namna fulani. Hapo hata awe bingwa, hafai kwa dawati hilo.

Na ajue: yeye anapendekeza tu. Mkuu aliye juu yake anaridhia, kisha ofisa wa ruzuku wa NSF ndiye mwenye mamlaka ya kuahidi fedha kwa niaba ya NSF, kwa hiyo asimwahidi mwombaji chochote kwenye simu.