Siku tano za dawa ya nimonia zinamtosha mtoto?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka minne alipatikana na nimonia, akaandikiwa amoksisilini ya maji mara mbili kwa siku, siku tano tu. Kaka yake aliwahi kuugua hivyohivyo akapewa siku kumi. Homa ya huyu mdogo ilikata siku ya tatu na dozi tumemaliza, lakini leo ni siku ya nane bado anakohoa na kamasi zimegeuka kijani. Dawa kidogo imebaki kwenye chupa. Nimwongezee? Nijuavyo mimi, dozi fupi ndiyo inayoleta usugu, yaani vijidudu kutosikia dawa.

JIBU: Marahaba, mama. Usimwongezee. Mtoto ambaye homa imemtoka na haijarudi kwa siku tano, anayekula, kucheza na kupumua bila tabu, dawa imeshamfanyia kazi.

Siku kumi za kaka yake hazikutoka kwenye utafiti wowote mzito. Kwa miaka mingi sisi madaktari tumeandika siku saba au kumi kwa mazoea: moja ni wiki, nyingine ni hesabu ya vidole. Nyuma ya mazoea hayo kulikuwa na hofu ya kweli. Mwaka 1941, huko Oxford, polisi aitwaye Albert Alexander alitibiwa kwa penisilini ilipokuwa dawa ya majaribio. Akaanza kupata nafuu, kisha dawa ikaisha, maana duniani ilikuwepo chache mno, ugonjwa ukarudi na akafa. Kisa kama hicho hakisahauliki. Ila yeye alikuwa na majipu usoni na maambukizi yaliyosambaa mwilini, na hakuwa amepona pale dawa ilipoisha. Nimonia ya kawaida ya mtoto ni habari nyingine.

Na hiyo sasa imepimwa. Malawi, watoto 3,000 wa kati ya miezi 2 na 59, wenye nimonia ya kifua kubonyea ndani wakati wa kuvuta pumzi, walipewa amoksisilini siku tatu au tano. Waliopewa siku tatu waliendelea na dawa bandia isiyo na kiini cha kutibu kwa siku mbili zilizobaki, hivyo si mzazi wala daktari aliyejua nani yuko kundi lipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: kufikia siku ya sita, tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 5.9 ya kundi la siku tatu na asilimia 5.2 ya kundi la siku tano. Mwaka uliofuata ukaja utafiti wa Uingereza na Ireland, siku tatu dhidi ya saba, kwa watoto 814. Waliohitaji antibiotiki tena ndani ya wiki nne walikuwa asilimia 12.5 katika kila kundi. Canada na Marekani nako walilinganisha siku tano na kumi, na kumi hazikuonyesha faida.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito: nimonia nyingi za watoto wadogo husababishwa na virusi, kwa hiyo yawezekana wengi wa watoto hao wangepona hata bila dawa. Nakubali. Lakini hoja hiyo haitetei siku kumi, kwa sababu virusi havifi kwa amoksisilini hata ukimpa mtoto mwezi mzima.

Kuhusu usugu, mambo ni karibu kinyume cha ulivyofundishwa. Dawa haiwagusi bakteria wa mapafuni peke yao. Inawapitia pia mabilioni wanaoishi puani, kooni na tumboni bila kudhuru mtu. Kila siku ya ziada inawaua wanyonge na kuwaachia nafasi wenye usugu. Katika ule utafiti wa Marekani, watoto wa siku tano walikutwa na vinasaba vya usugu vichache kooni kuliko wa siku kumi. Kinachobaki kweli katika "maliza dozi" ni kutokatisha ulichoandikiwa bila kumuuliza aliyekuandikia.

Kikohozi kisikutie shaka. Bakteria wakishakufa, njia za hewa hubaki zimechubuka na zenye ute, na hupona kwa mwendo wao wenyewe. Katika utafiti wa Uingereza na Ireland kikohozi kilichukua takriban siku 10 hadi 12 kuisha, kwa hiyo siku ya nane yenu imo ndani ya kawaida. Kijani cha kamasi nacho hutoka kwenye kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi, yawe ya virusi au ya bakteria. Rangi haisemi ni yupi. Hili huwa nalirudia hata kwa wenzangu wa kazi.

Usilipeleke jibu hili kwenye magonjwa mengine. Kifua kikuu hutibiwa kwa miezi, na maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoki bado hupewa penisilini ya kunywa kwa siku kumi kwa hofu ya homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo. Mtoto mwenye VVU, utapiamlo mkali au usaha kifuani naye ana mpango wake.

Mrudishe hospitali homa ikirudi, kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunywa, au pumzi zikifika 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Hesabu dakika nzima kwa saa, usikadirie. Dawa iliyobaki irudishe famasi. Ikishachanganywa na maji haidumu zaidi ya wiki moja au mbili, na ikikaa kabatini kuna siku itapewa mtu mwenye mafua.