Chupa ya asilimia 70 na harusi ya mdogo wangu

Jumanne usiku nilikuwa nafunga saluni, hapa Chikongola, Mtwara, ukaingia ujumbe wa binti mmoja kutoka Nachingwea. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake. Glaikoliki anayoitaja ni asidi ya kupaka, inayotoa ngozi iliyokufa.

"Shikamoo dada. Nimepata glaikoliki ya asilimia 30 kwa muuzaji wa mtandaoni. Harusi yangu ni baada ya wiki tatu. Nipake mara ngapi kwa siku ili uso uwe laini na madoa ya chunusi yaishe?"

Nilirudi ndani nikakaa kwenye kiti cha wateja. Niliusoma mara tatu. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi miaka sita iliyopita, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na dada wa kumwandikia, na chupa yangu haikuwa ya 30. Ilikuwa ya 70.

Wengi mnanifahamu kwa kazi ya uso. Nina wateja wanaopanda basi kutoka Lindi na Masasi kuja kukaa kwenye kiti changu, na hilo nalisema kwa kifua mbele kwa sababu nimelitolea jasho. Ila kisa kilichonifikisha kwenye kazi hii sijawahi kukiandika chote.

Mdogo wangu alikuwa anaolewa Desemba, msimu wa korosho, wakati mzee alikuwa na fedha mkononi. Mimi ndiye dada mkubwa na nilikuwa bado sijaolewa. Mnajua macho ya watu huwa wapi kwenye harusi ya namna hiyo. Nilikuwa na madoa ya chunusi mashavuni. Nikaona kwenye simu picha za wasichana wa Dar es Salaam, nyuso kama kioo, na wote wanalitaja neno moja: glaikoliki. Nikatuma shilingi 28,000, mzigo ukaja kwa basi.

Nilipaka usiku, feni ikinipepea, kwa pamba. Iliwasha mara moja. Nikajiambia kuwasha ndiko kufanya kazi kwenyewe. Dakika ya tano nikaona weupe juu ya shavu la kulia, weupe wa chokaa, nikafurahi. Nilidhani madoa yanatoka! Nikaiacha mpaka dakika ya kumi. Leo mteja wangu akipata hata kidoa cha weupe ule najua asidi imeshaivuka ngozi iliyokufa na imeingia kwenye nyama hai. Siku ile nilikuwa nacheka mbele ya kioo.

Nyuma ya chupa paliandikwa kwa herufi ndogo kwamba ni kwa watu waliosomea kazi tu, na kwamba kuna dawa nyingine ya kuizima asidi baada ya dakika chache. Sikusoma. Kesho yake asubuhi, na mashavu yamevimba, nikapanda bodaboda kwenda Soko Kuu kutafuta kitambaa cha sare, jua la Mtwara likiwa utosini.

Aliyejua nimefanya nini alikuwa mama. Mama yangu amebangua korosho tangu usichana wake, kwa mkono, zile za kukaangwa na kugongwa, akijipaka majivu viganjani ili mafuta ya ganda yasimle. Mafuta yale yana asidi yake, nayo hula ngozi mpaka inageuka nyeusi na kuambuka. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema: "Mwanangu, hii ni kama ya ganda. Umeshika ganda gani na uso?" Nilijibu kwa kulia.

Siku ya harusi mashavu yalikuwa na magamba meusi. Poda haikushika. Ndugu mmoja wa upande wa bwana harusi alisema kwa sauti, mbele ya wifi zangu, "Dada mtu kajichubua." Mimi ambaye sijawahi kugusa mkorogo maishani mwangu! Mkitazama picha za siku ile mimi simo, isipokuwa moja, na hapo nimejifunika mtandio mpaka puani. Mdogo wangu aliandaliwa na somo wake kwa singo na liwa iliyosagwa kwenye msio, na uso wake uling'aa vizuri sana. Mpaka leo nikisikia harufu ya liwa kifua kinabana.

Madoa yalichukua miezi tisa kufifia, na moja liko bado karibu na sikio la kulia. Miezi yenyewe naipita. Nilimwona daktari wa ngozi, nikasubiri, nikasoma, nikaenda kozi Dar es Salaam, nikarudi.

Sasa sikilizeni niliyojifunza, maana hasira yangu sasa hivi ni kwa wanaouza bila kueleza.

Glaikoliki yenyewe si shetani. Ni asidi inayopatikana kwenye muwa na kwenye nanasi, katika ukoo mmoja na asidi ya maziwa mgando na ile ya ukwaju. Ikiwa kavu ni chembechembe nyeupe zisizo na harufu, huvuta unyevu hewani na huyeyuka upesi kwenye maji. Katika ukoo wake ndiyo ndogo kuliko zote: kaboni mbili, haidrojeni nne, oksijeni tatu, basi. Udogo huo ndio unaoifanya ipenye haraka kuliko ndugu zake. Inalegeza gundi inayoshikilia seli zilizokufa juu ya ngozi, zikatoka, ngozi mpya ikaonekana. Haiui rangi ya ngozi yako kama mkorogo wa zebaki au haidrokwinoni, vitu ambavyo nchini kwetu vimepigwa marufuku kwenye vipodozi. Watafiti wawili wa Marekani, Van Scott na Yu, walichapisha mwaka 1974 jinsi asidi za ukoo huu zinavyosaidia watu wenye ugonjwa wa ngozi kavu ya magamba, na hapo ndipo safari yake kwenye vipodozi ilipoanza. Hata zile nyuzi za kushonea kidonda ambazo huyeyuka zenyewe mwilini, kuna aina inayotengenezwa kwa kuunganisha glaikoliki nyingi kuwa mnyororo. Huenda mwenzangu uliyejifungua kwa upasuaji umewahi kuwa nayo tumboni bila kujua.

Asilimia peke yake haikwambii ukali. Hili ndilo sikulijua, na wauzaji wengi hawalijui. Kuna pH, kipimo cha uchachu, na namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyopanda. Kwenye pH ya 3.8 nusu ya glaikoliki iko huru kufanya kazi. Ukishuka mpaka 2 karibu yote iko huru. Ukipanda mpaka 5 iliyobaki huru ni kidogo sana. Kwa hiyo chupa mbili za asilimia 10 zinaweza kukaa rafu moja, moja ikakulainisha na nyingine ikakuchoma. Jopo la wataalamu wa vipodozi Marekani lilikubali mwaka 1998 kwamba kwa matumizi ya nyumbani isizidi asilimia 10, pH isiwe chini ya 3.5, na mtumiaji ajikinge na jua. Kwa saluni walikwenda mpaka asilimia 30, pH isipungue 3, mikononi mwa aliyefunzwa, kwa muda mfupi na kuoshwa vizuri. Mdogo wangu wa Nachingwea, umeiona hiyo 30 iko wapi? Unauliza upake mara ngapi kwa siku kitu ambacho mimi mwenye cheti nakiweka kwa dakika, nikiwa na saa mkononi.

Soma nyuma ya chupa. Kama hakuna asilimia, hakuna pH, hakuna jina la mtengenezaji, usiipake.

Halafu jua. Majaribio yaliyofanyika Marekani kwa glaikoliki ya asilimia 10 yalionyesha kwamba baada ya wiki nne za kupaka, ngozi inaungua na jua kwa urahisi zaidi, na hali hiyo huondoka ndani ya wiki moja ukiacha. Ndiyo maana tangu mwaka 2005 mamlaka yao ya dawa na chakula imewashauri watengenezaji waandike onyo la jua kwenye vipodozi hivi. Mtwara tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, jamani. Sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua, ya SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi kila asubuhi, na mwamvuli. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua sanskrini, glaikoliki iache dukani. Wala msidanganyike kwamba weusi wetu unatukinga na kila kitu. Ngozi nyeusi ikichomwa hulipiza kwa doa jeusi, mara nyingi jeusi kuliko lile ulilotaka kulitoa.

Ninachowaambia wanaoanza ni hiki. Anza na asilimia 5, usiku, mara moja kwa wiki, baadaye mara mbili kama ngozi imekubali. Kwanza jaribu nyuma ya sikio na usubiri siku mbili. Usipake kwenye ngozi uliyotoka kuinyoa au kuisugua, wala juu ya kidonda, na usiichanganye na krimu ya retinoli, ile ya vitamini A, usiku uleule. Aliyekuwa kwenye mkorogo aache kwanza, apumzishe ngozi kwa miezi, kwa sababu ngozi yake imeshakuwa nyembamba. Jichoni inaweza kuleta madhara makubwa, na mtoto akiinywa ni hatari, kwa hiyo isikae karibu na mafuta ya mtoto. Ikichoma, osha kwa maji mengi ya baridi, muda mrefu, bila kusugua. Usipake ndimu, usipake dawa ya meno, wala usikande magadi. Kisha nenda hospitali. Mimi nilipaka dawa ya meno.

Na tuache kukimbizana na tarehe! Ngozi haijui kadi ya mwaliko. Wanawake tunajichoma nyuso kwa ajili ya watu watakaokula pilau na kuondoka. Soma nyuma ya chupa, nasema tena, soma.

Mdogo wangu, wiki tatu hazitoshi kuanza asidi yoyote. Mwambie somo wako akusagie liwa, lala mapema, na mpambaji aje na poda ya rangi yako halisi. Hiyo chupa usiifungue. Nitumie picha yake, upande wa nyuma wenye maandishi madogo, uipige mchana karibu na dirisha ili niweze kusoma. Simu yangu iko wazi usiku kucha.