Kausha chumvi kwanza, kanieneo baadaye

Mwaka wangu wa kwanza wa kutengeneza asidi ya salisiliki (malighafi ya aspirini) kutokana na fenoli niliupoteza kwa kuongeza kanieneo, yaani presha ya gesi. Kila mavuno yaliposhuka nilisukuma kabonidioksidi zaidi ndani ya chombo, na kila mara fenoli ilirudi kwangu karibu kama nilivyoitia. Kosa halikuwa kwenye gesi. Fenoksidi ya sodiamu, yaani chumvi ya fenoli inayopaswa kushikana na kabonidioksidi, ilikuwa na unyevu, na penye maji kabonidioksidi huwa asidi iliyo kali kuliko fenoli, ikainyang'anya sodiamu na kuacha fenoli huru pamoja na bikabonati.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiguse joto wala kanieneo kabla hujahakikisha kwamba chumvi ni kavu kabisa. Mimi huyafukuza maji kwa kuchemsha mchanganyiko pamoja na toluini (kiyeyushi kinachobeba maji kikivukizwa) hadi yasitoke tena, kisha huikausha chumvi katika ombwe, huisaga ikawa unga laini, na kuihifadhi chini ya naitrojeni, kwa sababu ikiachwa wazi hunyonya unyevu na kubadilika rangi. Kusaga si urembo. Bonge gumu humenyuka juu tu.

Baada ya hapo ndipo kanieneo linapokuwa na maana. Njia ya mkemia Mjerumani Hermann Kolbe, ya kuchoma chumvi kavu katika mkondo wa gesi, iligeuza takriban nusu tu ya fenoli, kwa kuwa nusu nyingine iliponyoka kama mvuke huku salisilati (chumvi ya asidi ya salisiliki) ikichukua sodiamu mbili. Mkemia Rudolf Schmitt aliiboresha kwa kuiacha chumvi inywe gesi kwanza, halafu akaipasha moto ndani ya chombo kilichofungwa. Leo nyuzi 125 za Selsiasi na kanieneo la angahewa 100 hivi (mara 100 ya kanieneo la hewa ya kawaida) vinatosha.

Soma pia lebo ya alkali unayotengenezea chumvi hiyo, hata kama unaona aibu kufanya hivyo. Potasiamu badala ya sodiamu, kwenye joto linalozidi nyuzi 200, hupeleka kundi la kaboksili (sehemu ya asidi inayotokana na kabonidioksidi) kwenye nafasi ya para, yaani upande wa pili wa duara la fenoli, nawe utapata asidi nyingine inayoyeyuka kwenye nyuzi 214 badala ya 159.

Mwishoni, usimwage asidi kali yote kwa pupa. Shusha pH hadi karibu 7, uondoe fenoli iliyobaki kwa kiyeyushi, na uipime. Salisilati itabaki majini ikisubiri asidi ya pili. Uzito wa fenoli hiyo ndio unaonionyesha kama nilikausha vya kutosha.